Magunia ya Bibi Yako wa Mwese

Mwanangu Milembe,

Mungu alipomaliza kuumba watu wa Mpanda aliwatazama, akaona kuna kitu kimepungua, akakuna kichwa, halafu akaniumba mimi. Ndiyo, baba yako. Usicheke. Kuanzia Kakese mpaka Katumba nionyeshe mtu mwingine mwenye madarasa manne tu kichwani aliyewahi kuitwa bosi na wazee wenye mvi, akawa na kampuni yenye mlango, kufuli na jina, na jina lenyewe kalitunga akiwa anaoga. Mwalimu mkuu mmoja alinipa kiti chake nikakaa, yeye akasimama. Sawa, kiti kilikuwa kimelegea mguu mmoja, lakini alinipa.

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapa unavyokoroma, kati yetu ni ukuta tu. Unakoroma kama mama yako. Na mambo ya sabuni, shuka na kandambili shangazi yako ameshayamaliza, mpaka soksi amekuonyesha zinavyokunjwa. Huko sina la kuongeza.

Nakuandikia kwa sababu ya ile kauli yako ya jioni tulipokuwa tunafunga tranka. Nilikuambia mama yako ametuma mtu kutoka Mwese, kwamba ameshaanza kushuka kwa miguu, na kesho atakuwa stesheni kukuaga kabla treni ya Tabora haijaondoka. Wewe hukuinua hata uso. Ukasema, "Akija, mimi naingia kwenye behewa nafunga dirisha. Sina la kuongea na mtu aliyeharibu shule za wenzangu."

Shangazi yako akashtuka, "We mtoto!" Na mimi, bosi mzima, nikasema nini? Nikasema kamba ya tranka ikazwe vizuri. Mdomo huu unaoweza kumuuzia mwenye duka chumvi yake mwenyewe, leo ulikwama. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Karatasi hizi nitakupa asubuhi kabla ya chai. Zisome hapohapo. Usiziweke mfukoni eti utasoma njiani, treni ikifika Kaliua. Ukifika Kaliua mama yako atakuwa ameshageuza kurudi milimani.

Wewe unaikumbuka kampuni ilivyokufa. Ilivyozaliwa huikumbuki, ulikuwa bado unanyonya kidole.

Watu wetu hawakosi chakula wala hawakosi akili. Kinachowashinda ni Januari. Mtu anavuna mahindi mwezi wa sita, ghala linajaa, anatembea kifua mbele. Halafu wanaanza kuja: shemeji, jirani, msiba, ngoma, mgeni aliyepotea njia. Mahindi yakikaa nyumbani yanaliwa na kila anayepiga hodi. Januari shule inafungua, mtoto kafaulu kwenda sekondari, baba anakung'uta gunia linatoka panya. Mimi niliona hilo kwa macho yangu haya, maana hata mimi darasa la tano lilinishinda hivyohivyo, ingawa watu huwa nawaambia niliacha kwa sababu walimu walikuwa wananionea wivu.

Basi nikakodi bani moja la zamani la kukaushia tumbaku, lile la matofali kule karibu na reli, nikaliita Kampuni ya Januari Njema. Kazi yake: lete magunia yako wakati wa mavuno, sisi tunayatunza mbali na shemeji zako, Januari bei ikipanda tunakuuzia, unaondoka na ada mkononi. Sisi tunabaki na debe moja kwa kila gunia. Mlangoni nikaandika kwa mkaa, herufi kubwa: MTEJA NI MKWE. Maana yake, hapa utaheshimiwa kama mtu aliyekupa binti yake. Masanja, yule Msukuma wa ng'ombe, aliyasoma yale maneno taratibu akaniuliza, "Bosi, sasa mahari nitalipwa lini?"

Huyohuyo Masanja ndiye aliyenifundisha kwamba sijui kazi yangu. Alikuja na ndama. Akasema yeye mahindi hana, ana huyu, tumwekee mpaka Januari kwa ajili ya mwanawe. Mimi nikasema karibu sana! Kwa mawazo yangu, bosi mzuri ni yule asiyemwambia mteja hapana. Ndama akalala ofisini. Akala daftari la wageni. Akanya mbele ya mlango wenye maandishi yangu mazuri.

Mama yako akaja, kanga kiunoni, akasimama.

"Baba Milembe, kampuni hii ni ya mahindi au ni ya chochote kinachotembea?"

"Ni ya mteja," nikamjibu, nimebinua mdomo.

"Mteja anataka nini?"

"Anataka tumtunzie ndama."

"Anataka mtoto wake asome. Ndama akifa huyo mtoto atasomeshwa na ngozi?" Akamgeukia Masanja, sauti ikashuka kabisa. "Kaka yangu, mpeleke mnadani Jumamosi. Mahindi sasa hivi ni bei rahisi, nunua, uyalete. Na mtoto umlete nimwone."

Masanja akaguna, akamkokota ndama wake. Alirudi na mahindi, na mtoto. Januari ile alicheka mpaka jino la nyuma likaonekana.

Hiyo ya kuleta mtoto ilikuwa ni sheria ya mama yako. Mimi nilikuwa nawajua wateja kwa magunia yao. Yeye alikuwa anawajua kwa watoto. Kila mtoto alikalishwa juu ya gunia lake, akaulizwa jina, akaulizwa anataka kuwa nani. Na kila gunia lilimwagwa lote kwenye turubai, la tajiri na la maskini, akapitisha mkono ndani, akachukua punje akaing'ata. Isipolia kati ya meno, mahindi hayajakauka, rudi nayo ukaanike. Akiona vumbi la unga kwenye kiganja alikuwa anamwita mwenyewe pembeni, bila kumtia aibu, anamwambia, "Haya yana dumuzi, ndugu yangu. Kayale haraka nyumbani, usituletee wageni." Unamjua dumuzi. Kadudu kadogo kama mbegu ya mchicha, lakini kakiingia kwenye ghala gunia linabaki unga na maganda.

Halafu kulikuwa na Mzee Bukuru wa Katumba, baba yake Esperansia. Huyo wala nisikueleze, ulilala mkeka mmoja na Esperansia mwaka mzima alipokuwa anakaa kwetu asome shule ya mjini. Ndiye aliyekufundisha herufi, mimi nilikuwa nimeshazisahau nyingine. Mwaka mmoja mwezi wa kumi na moja Bukuru akaja kutaka magunia yake mawili, mdogo wake anaoa. Mimi mkono ulikuwa uko kwenye kufuli tayari. Mama yako akasema tu, "Mzee, Esperansia yuko nyuma anaosha vyombo. Nimwite umwambie mwenyewe?" Bukuru akasimama pale, akavuta pumzi, akasema, "Mwache aoshe." Akaondoka mikono mitupu na wala hakukasirika. Wiki iliyofuata alimletea mama yako kuku.

Hapana yake iliwafurahisha watu kuliko ndiyo yangu. Hilo nalielewa sasa. Wakati ule lilinichoma.

Watu walianza kufika na kuuliza, "Mama yupo?" Mimi nimesimama hapo, shati limepigwa pasi, kalamu iko juu ya sikio, wanachungulia nyuma yangu. Nikijibu hayupo, wanakaa kivulini wanamsubiri. Mwisho wa mavuno ya mwaka ule wa balaa, karibu wateja wote walikuwa wameshaleta mali yao, Masanja akasimama mlangoni, mimi nikamkaribisha kwa mbwembwe zangu zote. Akanipungia mkono, "We kaa tu, bosi. Namsubiri mwenye kampuni."

Alikuwa anatania. Masanja hawezi kukaa kimya bila kutania. Lakini sikulala.

Asubuhi nikaitisha mkutano. Tulikuwa wawili, mimi na mama yako. Nikamwambia nimempandisha cheo: kuanzia leo ni Mkuu wa Jiko, atawapikia wapakizi na wageni wanaotoka mbali, na mlangoni nitakaa mimi mwenyewe, maana kampuni imekua na inahitaji sura ya mwanaume. Alinitazama. Akauliza, "Nimekosea wapi?" Nikamjibu hujakosea, ni mambo ya uongozi. Neno lenyewe nililisikia redioni. Akafunga kanga vizuri, akaenda kuwasha moto.

Milembe, mahali popote utakapopewa watu wa kufanya nao kazi, hata kama ni usimamizi wa bweni tu, utamwona mmoja ambaye watu wanamkimbilia kuliko wewe. Tumbo litakuuma. Sina dawa ya tumbo hilo, nikikuambia ninayo nitakuwa najisifu tena. Nachojua ni kwamba mimi nilimwondoa mlangoni mtu aliyekuwa mlango wenyewe.

Haikupita hata wiki, lori la mwisho likashuka kutoka Mwese. Lilichelewa kwa sababu ya barabara. Juu yake kulikuwa na magunia ya bibi yako, mama yake mama yako, na bibi mwenyewe kakaa juu yake. Alikuwa ameyaleta kwa ajili yako. Ulikuwa bado mdogo, lakini alisema anaanza mapema.

Sasa unajua mambo ya mkwe yalivyo kwetu. Mimi na bibi yako hatutazamani usoni. Akipita njiani mimi naingia vichakani. Alishuka kwenye lori kajifunika kanga mpaka machoni, akasimama mbali, kijana wa lori ndiye aliyekuwa anabeba salamu zetu, anakwenda na kurudi. Mzigo wa mkwe wako humwagi chini mbele za watu ukaanza kuuchokonoa na kung'ata punje kama unamtafuta mwizi. Nani angefanya hivyo? Wapakizi wakaniuliza, "Bosi, tumwage?" Nikasema kwa sauti ya ofisini, "Ya mkwe hayamwagwi. Wekeni katikati." Katikati ndipo mahali pa heshima.

Mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akaja mpaka karibu, akasema taratibu, "Hayo ni ya mama yangu. Wewe ni mkwe, huwezi, naelewa. Mimi ni mtoto wake, nikiyamwaga si aibu kwa mtu yeyote. Niache niyaangalie."

Ilikuwa ni jambo la muda mfupi tu, Milembe. Hata ugali usingeungua.

Nikamwambia mbele ya wapakizi, "Jiko limekushinda?"

Wakacheka. Akageuka akarudi.

Bibi yako hakujua kitu, usije ukamwekea kinyongo. Mwese ni juu, kuna baridi, dumuzi alikuwa bado hajazoeleka kule. Waliingia kwenye magunia yake na yeye hajui.

Miezi ikapita. Kuna siku nilifungua bani asubuhi, nikasimama kimya, nikasikia kitu kama manyunyu yanayoanguka juu ya majani makavu. Nje jua linawaka. Nilijua. Ningeita watu siku ileile, tukamwaga yote, tukapepeta, tukagawana yaliyobaki, robo tatu ingepona. Mteja ukimpelekea habari mbaya ikiwa bado ndogo atakutukana, halafu atakunja shati mfanye kazi. Lakini mimi nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kwamba Januari hii itakuwa njema kuliko zote. Nikafunga mlango. Nikajiambia ni panya.

Tulipofungua mwisho wa mwaka, magunia ya katikati yalikuwa yamesimama hivihivi kwa mazoea tu. Unayagusa, yanakaa chini. Unga wa manjano ulikuwa unaelea hewani mpaka watu wakapiga chafya. Yaliyopona ni yale machache ya ukutani.

Wakaja wote. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lilikuwa baya. Walikuja na watoto, kwa sababu walizoea kuja na watoto. Esperansia alikuwa na barua yake ya kuchaguliwa, ameikunja ndani ya kitambaa. Mzee Bukuru akachota unga ule kwenye kiganja, akauangalia, akauliza kwa upole kabisa:

"Bosi, haya ya katikati yaliingiaje bila kumwagwa?"

Mama yako alikuwa kwenye mlango wa jiko, kabeba sufuria. Bibi yako hakuwepo. Mimi nikawaona wote wananitazama, kwa mara ya kwanza hakuna anayechungulia nyuma yangu. Nikawaza kumtaja mkwe wangu mbele za watu, nikashindwa. Nikawaza kusema ni mimi, hilo nalo likanishinda. Na sikiliza ujanja wa baba yako, hata sikusema uongo kamili. Nikasema, "Kazi ya mlangoni hufanywa na Mama Milembe. Wote mnajua."

Walijua. Hawakujua kwamba lori la Mwese lilipofika yeye alikuwa anasonga ugali.

Akaweka sufuria chini. Nilisubiri aseme. Kwa kweli nadhani nilitaka aseme. Akatazama unga ule, akamtazama Esperansia, akasema, "Nisameheni, ndugu zangu." Basi. Sijui kama alikuwa anamkinga mama yake, au mimi, au alikuwa amechoka tu. Sijawahi kumuuliza.

Esperansia alirudi Katumba kulima tumbaku, na kabla ya masika mengine alikuwa ameshaolewa. Ulilia siku tatu ukakataa kula. Sokoni wanawake wakampa mama yako jina, Mama Dumuzi. Akienda kununua dagaa wanamwambia, "Usiguse hizo, zitaoza." Alivumilia mpaka mvua zilipokatika. Halafu akafunga mzigo kwenda kwao Mwese, akasema anakwenda na wewe.

Wateja niliwarudishia kidogokidogo. Niliuza baiskeli, nikauza mabati ya nyumba ile tuliyoanza kujenga, nikabeba mizigo ya watu hapo stesheni mpaka leo, kama unavyoniona. Masanja alisamehe sehemu yake, akanitania kwamba ndama wake angekuwa ameshazaa. Bukuru hunisalimia. Mambo ya kampuni, kama ni kampuni tu, mtu unaweza kuyalaza. Mali iliharibika, nilikuwa na kiburi, nilificha habari mbaya, nilimtupia mwingine lawama mbele ya wateja. Ni makosa makubwa na huwa najitukana nayo nikibeba magunia ya watu. Lakini mwanangu, kuna siku naamka nikiwa nimeshayazoea.

Kuna moja sijalizoea.

Asubuhi ile aliyoondoka mlikuwa mmesimama uani. Alikuwa na mzigo kichwani, na kakushika mkono. Wewe ukanishika suruali kwa mkono wa pili ukaniuliza, "Baba, ni kweli mama ndiye aliyewaingiza dumuzi, Esperansia akakosa shule?" Mama yako hakukutazama wewe, alinitazama mimi, akangoja. Pale hapakuwa na mteja. Hapakuwa na Bukuru, wala mkwe, wala mpakizi wa kucheka. Tulikuwa sisi watatu na kuku.

Nikasema, "Ndiyo."

Ukamwachia mkono.

Baba yako